Folda Isiyofunguka Kabla ya Hodi

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ukoo ule ulimtenda mdarizi vibaya, na yeye hajawahi kulifunika jambo hilo kawa, lakini haki yao moja wapewe: walimzaa wifi yake.

Wengine wote, siku mume wake alipomtolea nguo nje ya mlango, kila mmoja alikuwa na udhuru wake. Mama mkwe aliumwa kichwa. Shemeji, aliyelelewa kwa mikono ya mdarizi tangu akiwa na kamasi, alisema mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Shangazi wa mume alimwambia avumilie, bila kueleza atavumilia akiwa amesimama wapi, maana mlango ulikuwa umeshafungwa. Na nyumba yenyewe ilitoka kwenye sindano ya mwanamke huyo: mashuka ya maharusi, vitambaa vya meza, foronya za maua, miaka na miaka ya kuinamisha shingo. Mume alichotia ni sahihi kwenye hati. Na sahihi ndiyo iliyotambuliwa.

Wifi yake, kitinda mimba wa nyumba ile, ndiye aliyekuja. Alikuja na gari la kukodi, amevaa kandambili moja nyekundu na moja ya bluu bila kujua, akaanza kupakia mabegi kama vile wamepanga safari.

"Wifi, watasema umemsaliti ndugu yako," mdarizi alimwambia.

"Waseme. Kaka amekuacha yeye. Mimi talaka yangu sijaandika. Shika huo mto, dereva ana haraka."

Hivyo ndivyo walivyokuja kukaa pamoja, wanawake wawili, katika vyumba viwili vya juu ya duka la vioo. Mdarizi alichukua chumba cha nyuma. Chumba cha mbele kilikuwa cha wifi na kompyuta yake, iliyokaa juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha boksi.

Mwanzoni mdarizi hakuelewa wifi anafanya kazi gani. Alimwona amekaa kutwa anatazama kioo cha kompyuta, chai inapoa mbele yake mpaka inaota utando, mara anacheka peke yake, mara anajigonga paji la uso. Jioni anasema amechoka.

"Umechoshwa na nini, wifi? Hujainua hata ndoo."

"Naiandikia kompyuta maagizo. Hii mashine ni kama mtumwa asiyeongeza hata chembe ya akili yake. Ukisahau kumwambia afunge mlango, atauacha wazi mpaka ng'ombe waingie."

"Basi ni kama kaka yako."

Walicheka. Lakini mdarizi aliona pia mambo ambayo mtu hayaoni kwa kucheka. Aliona wifi akiandika ukurasa mzima na kuufuta wote kwa sababu kitufe kimoja kilikuwa mbali na kidole. Aliona anavyojibu simu za wateja wakali kwa sauti ile ile anayomwitia muuza mkaa. Ndugu zake walisema binti huyo amepotea, hana mume, hana mtoto, amebaki kuzaa na mashine. Mdarizi, aliyekuwa na mume akaona faida yake, akawa anamwongezea sukari kwenye chai, ili hata ikipoa iwe na ladha.

Programu kubwa ya wifi ilikuwa ya karakana za kudarizi. Siku hizi nembo za shule na kampuni hazishonwi kwa mkono. Mchoro unawekwa kwenye kompyuta, kompyuta inaupeleka kwenye mashine yenye vichwa vingi, na kila kichwa kinashona nguo yake, zote kwa mara moja, kama watoto wanaonakili ubao. Programu ya wifi ndiyo iliyopanga michoro hiyo. Kila mteja alikuwa na folda yake, mchoro mpya ukija unaingia kwenye folda iliyoitwa Mapya, na mtu wa mezani anaushika kwa kipanya, anauburuta mpaka kwenye folda ya mwenyewe, anaudondosha. Fundi wa mashine akifungua folda ya mteja, anakuta mchoro wa mwisho kuingia, anabonyeza, kazi inaanza.

Karakana ya kwanza kuitumia ilikuwa mtaa wa pili tu. Wifi alimwambia mwenye karakana, "Nina mtu anayejua uzi kuliko mimi ninavyojua jina langu." Mdarizi akapata kazi ya mezani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akashika funguo ambazo hakuna mtu angemnyang'anya. Funguo za kabati la nyuzi, lakini ni funguo.

Shule hakwenda. Herufi alizijua ukubwani, kwa kudarizi majina ya maharusi kwenye mashuka: anaandikiwa jina kwenye karatasi, analifuata kwa sindano, herufi moja moja, mpaka akazizoea kama mtu anavyozizoea nyumba za jirani. Kwa hiyo alisoma vile alivyoshona. Hakurukia neno zima. Aliingia herufi ya kwanza, akatoka, akaingia ya pili. Alifika, ila alifika kwa miguu.

Ilienda vizuri mpaka siku ya makoti.

Chuo cha Wauguzi kilikuwa kimeleta makoti meupe ya wahitimu wake, yashonwe taa ya bluu kifuani. Asubuhi hiyo hiyo Chama cha Wachinjaji walikuwa wameagiza kichwa cha ng'ombe kwa ajili ya aproni zao. Mdarizi akaipanga michoro yote miwili. Fundi wa mashine akayafunga makoti kwenye vichwa, akafungua folda ya wauguzi, akabonyeza kitufe, akatoka nje kunywa chai na kumsimulia muuza vocha habari za mpira. Aliporudi, kila koti jeupe lilikuwa na ng'ombe kifuani. Ng'ombe mwekundu, mwenye pembe, anayetazama mbele kama anayeuliza nani mgonjwa.

"Mama yangu!" fundi akapiga kelele. "Bosi! Njoo uone, wauguzi wamepandishwa cheo, sasa wanachinja wenyewe!"

Wote walicheka isipokuwa wawili. Mwenye karakana hakucheka kwa sababu makoti yalikuwa yake kulipa. Mdarizi hakucheka kwa sababu alikuwa ameshajua kicheko kile kitaishia kwa nani.

"Nani alipanga michoro?"

"Mimi, Bosi. Lakini ng'ombe nilimweka kwa wachinjaji."

"Kwa hiyo alitembea?"

"Sijui alivyofika. Mimi nilimpeleka kwake."

Mwenye karakana akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Hakuwa mtu mbaya, na watu wasio wabaya ndio wenye kuumiza zaidi, kwa kuwa wanakuumiza kwa upole. "Mama, wewe ni mtu mzima, nakuheshimu. Lakini kazi ya kompyuta inataka mtu aliyesoma. Nilikuchukua kwa heshima ya wifi yako. Acha nimwite yeye mwenyewe tuzungumze, asije akasema nimekufukuza kwa siri."

Hakuna aliyemuuliza fundi wa mashine kwa nini hakutazama mchoro kabla ya kubonyeza. Hayo ndiyo mambo ya dunia, na mdarizi alikuwa ameyazoea kama kokoto kwenye kiatu. Alikaa kwenye kiti chake, funguo za kabati mkononi, akiwaza chumba cha nyuma cha wifi na jinsi mtu anavyokaa kwenye nyumba ya mtu wakati hana anachoingiza. Ataanza kula kidogo. Ataanza kuamka kabla ya mwenyeji. Alikuwa ameshakuwa mgeni kwenye nyumba aliyoijenga, alijua hatua zote.

Wifi alifika akihema. Alitazama koti moja, midomo ikamchezacheza, akaizuia. Kisha akafanya jambo ambalo mdarizi hakulitegemea. Hakumtetea. Hakumgombeza. Alivuta stuli, akakaa nyuma ya bega lake, akasema, "Rudia, wifi. Fanya vile vile ulivyofanya asubuhi. Usiharakishe kwa ajili yangu."

"Watu wote hawa wananitazama."

"Wacha watazame. Bosi, naomba fundi azime redio."

Wifi akaurudisha mchoro wa ng'ombe kwenye Mapya, mdarizi akaushika kwa kipanya, akaanza kuupandisha. Folda ya Chuo cha Wauguzi ilikuwa njiani, kabla ya ile ya Chama cha Wachinjaji, na zote mbili zilianza kwa herufi zile zile. Alipofika juu ya ile ya kwanza alisimama, kama kawaida yake, asome. Ch. U. O. Midomo yake ilikuwa inatikisika. Kabla hajafika neno la pili, folda ikafunguka yenyewe, ikatapakaa kwenye kioo chote kama mwavuli uliofyatuka. Mdarizi akashtuka. Kidole kikaachia. Ng'ombe akaanguka ndani, folda ikajifunga, na kioo kikarudi kilivyokuwa, kitulivu, kama hakuna lililotokea. Kwenye Mapya ng'ombe hakuwapo tena, na kwa mdarizi hiyo ndiyo ilikuwa dalili ya kufika.

"Umeona, wifi?" mdarizi akasema. "Amekwenda kwake."

Wifi alikaza macho kwenye kioo. Alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

Maana folda ile aliifundisha yeye mwenyewe. Watengenezaji wengi hufanya hivyo: mtu akiburuta faili na kusimama juu ya folda, folda inajifungua, kumrahisishia aone ndani. Inadhani anayesimama anataka kuingia. Haikumjia wifi kwamba kuna mtu anayesimama kwa sababu bado anasoma jina mlangoni.

"Bosi," wifi akasema, "kosa ni la programu. Kosa ni langu."

Mwenye karakana akatabasamu tabasamu la mtu anayejua undugu. "Dada, damu nzito. Mbona mimi nimetumia programu hiyo na folda haikunirukia?"

"Kwa sababu unasoma haraka. Hebu kaa hapa. Sasa naomba uvue miwani."

"Nivue miwani?"

"Vua, Bosi. Ni mchezo tu."

Wifi akamrudisha ng'ombe kwenye Mapya, fundi wa mashine akasogea, mikono kiunoni. Mwenye karakana akavua miwani, akashika kipanya, akamburuta ng'ombe. Juu ya folda ya kwanza alisimama, akakunja macho, akasogeza pua karibu na kioo. "Chu... Chuo cha... we! Nini hiki?" Folda ikamfungukia usoni. Kidole kikaachia.

"Ng'ombe amelala kwa wauguzi tena," fundi akasema. "Bosi, na wewe hujasoma?"

Safari hii mdarizi alicheka, cheko lililotoka kabla hajalikubalia. Mwenye karakana akarudisha miwani, akaikohoa aibu yake. Alisema basi, ameona, lakini makoti hayajui kosa ni la nani, yanatakiwa yafumuliwe. Na kuhusu kazi ya mama hapa mezani, atasema neno lake programu itakaporekebishwa. Isiporekebishika, itabidi amtafute mtu wa kusoma haraka. Alisema kwa upole, kama kawaida.

Wawili hao wakapewa rundo la makoti na mkasi mdogo kila mmoja, wakakaa kwenye benchi la dirishani kufumua ng'ombe. Kufumua ni kazi chafu kuliko kushona. Lazima ukate uzi wa nyuma, uuvute kwa upande, usichane kitambaa. Mdarizi alifumua pembe mbili na sikio kabla wifi hajamaliza jicho.

"Utatoboa koti, wifi. Usichimbe. Msihi uzi, atatoka mwenyewe."

"Namsihi, hasikii."

"Unamsihi kama mwenye deni."

Wakafumua koti lingine. Kisha mdarizi akasema lile lililokuwa linamkaba tangu asubuhi. Alijua kwamba kesho mwenye karakana kubwa za mjini, mwanamume mwenye matawi kila upande, anakuja kutazama programu. Wifi alikuwa ameingojea siku hiyo kama wengine wanavyongojea posa. Akishanunua yeye, wengine wote watafuata.

"Wifi, nikushauri kitu?"

"Nishauri."

"Kesho funga mdomo. Habari ya folda ibaki hapa hapa, kwenye benchi. Muuzie kwanza, utarekebisha baadaye. Mimi nilikuwa mkweli maisha yangu yote, na unajua nilipolala siku ile. Ukweli haujengi nyumba."

Wifi aliutazama mkasi wake. "Huyo mtu ana karakana nyingi, siyo?"

"Ndiyo maana nasema, usimwache."

"Basi huko kwake yuko mwanamke kama wewe. Mmoja, au kumi. Anasoma herufi moja moja. Folda itamfungukia usoni, ng'ombe ataingia kwa wauguzi, watamcheka, watamtoa." Akavuta uzi mwekundu, mrefu, ukatoka wote bila kukatika, kwa mara ya kwanza. "Na yeye hatakuwa na wifi."

Mdarizi aliinamia koti lake. Akaanza kufumua pua ya ng'ombe.

"Sasa niambie," wifi akaendelea, kwa sauti ya kazi. "Wewe ungetaka folda ifanyeje?"

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Umesimama mlangoni pake. Mimi sijawahi kusimama hapo. Ungetaka ifanyeje?"

Mdarizi akafikiri, mkasi umening'inia. Hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. Mume wake alikuwa akimuuliza chumvi iko wapi.

"Mtu akisimama mlangoni kwangu," alisema polepole, "sikurupuki kumfungulia. Huenda anasoma namba ya nyumba. Huenda anapumzika. Nangoja abishe hodi. Akibisha ndiyo nafungua. Na akiniachia mzigo mlangoni akaondoka, basi walau nimwite: bwana, mzigo wako nimeupokea mimi fulani, ndiye uliyemkusudia? Asije akaenda zake akidhani kaupeleka kwa jirani."

"Na akikosea?"

"Nimrudishie. Bila matusi."

Wifi alisimama na koti mapajani likaanguka. "Hodi," alisema. "Wifi, folda yangu haina hodi!" Akaanza kutafuta kalamu, akakosa, akaandika kwa kipande cha chaki ya fundi kwenye ubao wa dirisha, huku mwenye karakana akimpigia kelele asichafue.

Mnunuzi alikuja kesho yake na kuketi chumba cha mbele, kwenye kiti kizuri. Mdarizi alileta chai akabaki mlangoni na sinia. Wifi alimwonyesha programu yote, ilivyo nyepesi, inavyoita mashine, inavyokumbuka rangi za nyuzi. Mnunuzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha wifi, kwa mkono wake mwenyewe, akaburuta mchoro, akasimama juu ya folda, akaiacha ifunguke vibaya mbele ya macho yake. Akamweleza ilivyoharibu makoti. Akamwambia anairekebisha, amsubiri.

Mnunuzi aliweka kikombe chini. "Binti, nilikuja kununua gari, wewe unanionyesha breki mbovu. Nimeona watu wanaouza. Hakuna anayeuza hivyo."

"Najua."

"Yupo mwingine mwenye programu kama hii. Yeye hakuniambia ina kasoro."

"Hakukuambia," wifi akasema.

Mnunuzi alikwenda zake. Gari lake liliposikika likiondoka, mdarizi alikusanya vikombe kwa kishindo, kwani mtu mwenye uchungu lazima apige kitu. Aliapa kwamba ukweli ni mke mwenza mbaya kuliko wote. Wifi alikuwa ameshageukia kompyuta. Mabega yake yalikuwa yameshuka, na mdarizi aliyaona, lakini vidole vilikuwa vinakimbia.

Folda mpya ilipelekwa karakana wakati makoti ya mwisho yanapigwa pasi. Mwenye karakana alikuja kusimama nyuma ya meza, mikono ameikunja kifuani. Fundi wa mashine alizima redio bila kuambiwa. Taa ya wauguzi ilikuwa imerudishwa kwenye Mapya.

Mdarizi alifuta kiganja kwenye gauni. Akaushika mchoro, akaupandisha. Akafika juu ya folda, akasimama.

Folda haikufunguka. Ilikolea rangi kidogo tu, kama mtu anayeinua kichwa, na pembeni yake ikatokea picha ya nembo ya mwenye folda, kubwa, hata mtu asiyejua herufi angeitambua. Ikangoja. Mdarizi akasoma. Chuo. Akapumua. Cha. Mwenye karakana alibadilisha mguu, folda haikutikisika. Wa-u-gu-zi. Alifika mwisho wa neno, akarudi mwanzo akalisoma tena, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamkimbiza. Kisha, kama wifi alivyomwonyesha, akautikisa mchoro mara mbili juu ya folda, kushoto na kulia, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole kilichokunjwa. Folda ikafunguka taratibu. Akadondosha. Kwenye kioo pakatokea maneno makubwa: Taa imeingia Chuo cha Wauguzi. Ndipo ulipokusudia? Chini yake kitufe cha kurudisha.

"Ndipo," mdarizi akakijibu kioo kwa sauti, na fundi akacheka, naye hakujali.

Fundi alipakia makoti, akafungua folda, safari hii akautazama mchoro kabla ya kubonyeza. Vichwa vyote vya mashine vikashuka pamoja. Bluu ikaanza kutokea kwenye nyeupe.

Mwenye karakana alijaribu na yeye, miwani ikiwa mfukoni, kwa makusudi. Akaburuta, akasimama, akakunja macho, akabisha. "Inangoja," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akihitaji kungojwa muda mrefu bila kusema. Akamgeukia mdarizi. "Mama, kesho wanaleta sare za mahakama. Majina marefu. Utayaweza?"

"Nitayafikia," mdarizi akasema, akazitia funguo za kabati mfukoni mwa gauni.

Wifi alikuwa bado amekaa kwenye stuli nyuma yake, chai ya karakana imepoa mkononi, anatazama kioo kama ambaye hajamaliza. Mnunuzi hakupiga simu siku ile, na haikujulikana kama angepiga.

"Wifi," akamuuliza mdarizi, "kuna kingine kinachokusumbua humu ndani? Kitu chochote. Hata kidogo."

Mdarizi akamtazama vizuri, aone kama anauliza kwa adabu tu. Haikuwa hivyo. Basi akasogeza kiti chake pembeni kumpisha akae karibu, akaelekeza kidole kwenye kioo.

"Vipo, tena vingi. Weka chai chini, tuanze na hiki."